Chai Haiweki Mpaka

Ninyi mnaoanza kazi ya kukinga udongo, ombi langu la kwanza ni hili: mkifika kilimani, msitaje neno "mstari". Semeni mtaro, semeni tuta, semeni njia ya maji, semeni nyoka mkipenda. Lakini ukisimama na kamba na vigingi mbele ya watu waliogawana mashamba juzi, ukawaambia umekuja kupiga mstari, umeshafungua kesi. Mimi nililitaja. Kesi ilikula wiki tano za kiangazi, na mvua ilikuwa njiani.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la tano, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mama alipomfuata baba kaburini na mimi nikabaki mkubwa wa watoto watatu. Kwa hiyo hapa msitafute maneno ya semina. Nimetembea kwenye miteremko ya Gitega na Muyinga zaidi ya miaka ishirini nikiwa na kipimo begani, mpaka goti la kushoto lilipokataa. Nawaeleza ninachokijua kwa miguu.

Kipimo chenyewe hakina siri. Miti miwili inafungwa pamoja kichwani na kuachana chini, kama herufi A. Kijiti cha tatu kinakatisha katikati. Kutoka kichwani inaning'inia kamba yenye jiwe. Kamba ikigusa alama iliyo kwenye kijiti, miguu yote miwili imesimama sawa, na maji yakifika hapo hayatakwenda kushoto wala kulia. Unatembea nacho mlimani hatua kwa hatua, na kila hatua unapiga kigingi. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu anaweza kufundishwa asubuhi na akaiharibu kabla ya chakula cha mchana, kama nilivyofanya.

Aliyenifundisha ni Fundi Saidi, seremala wa Nyamugari, pale Gitega. Alitengeneza vitanda maisha yake yote, kisha mradi mmoja ukaja kumwagiza vipimo hamsini. Mimi nilikuwa nimerudi nchini karibuni na nilikuwa nafagia karakana yake. Mradi ukauliza kama ana mtu anayejua kuvitumia. Akanitazama na ufagio wangu, akasema, "Huyu iko anajua."

Sikujua. Nilipiga mtaro wa kwanza kwenye kilima kimoja nje ya mji, mrefu na mzuri kuutazama, na mvua ya kwanza ilipotua maji yote ya kilima yakateremka na mtaro wangu moja kwa moja hadi kwenye banda la kuku la katekista. Fundi Saidi aliniita.

"Alama uliweka mara ngapi?"

"Mara moja, Fundi."

"Na miguu, ulibadilisha?"

"Miguu yangu?"

"Ya kipimo, we. Yako itabadilishwa na nani?"

Basi jifunzeni kwa kuku wale. Simamisha kipimo juu ya mawe mawili, weka alama pale kamba inapogusa kijiti. Kisha kigeuze, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, uweke alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndipo penye ukweli. Mguu mmoja ukiwa mfupi, kila alama inadanganya upande wake, na ukweli unabanwa katikati usikimbie.

Katekista naye alikuja karakana. Hakugombana. Alitaka kujua tu kama maji yale yatakuja kila mwaka. Fundi Saidi akamwambia yatakuja, mpaka huyu mtoto arudi kuyarekebisha. Yule baba akashukuru, akauza kuku waliosalia, akanunua bata. Nilipokwenda na kipimo kilichosahihishwa alinizuia mlangoni. "Acha hivyo hivyo," alisema. "Wameshazoea."

Sasa niwapeleke nyumbani, Buhinyuza, kule Muyinga.

Tuliporudi kutoka Tanzania, mimi na wadogo zangu wawili, Konsolata na Deo, tulikuta shamba la baba linalimwa na jirani, Mzee Melkiori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta shamba halina watu akalilima, basi. Wazee wa kilima wakaligawa: yeye akabaki na nusu ya juu, sisi tukapewa nusu ya chini. Mpaka ukapandwa minyaa, umenyooka kama mtu mwenye haraka. Tukanywa pombe ya ndizi kwa mrija kutoka mtungi mmoja, kila mmoja akashuhudia, ikaisha.

Ila kule kwetu mvua inakawia mpaka watu wanaanza kusameheana, halafu inakuja siku moja na kuchukua kila kitu. Mteremko ni mkali na udongo ni mwembamba. Mwaka wa kwanza udongo ulishuka na maharage. Mwaka wa pili ulishuka kabla ya maharage. Konsolata, ambaye ndiye aliyekuwa akilima mimi nikiwa kazini kwenye vilima vya watu, aliniita nje akanionyesha mawe yaliyobaki.

"Kaka," alisema, "udongo wa hapa nimeulima miaka miwili, na miaka yote miwili umekwenda mtoni bila kuniaga. Mvua hii inayokuja ikiuchukua tena, mimi nakwenda Kobero, mpakani, kubeba mizigo ya malori. Deo anakwenda Gitega. Wewe utabaki hapa uyapimie mawe."

"Nitapiga mtaro."

"Umepiga mitaro ya mkoa mzima. Wa kwetu unaujua kwa jina tu."

Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutatawanyika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikujua ahadi ile siku moja itategemea udongo usiozidi kiganja kwa kina. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua kipimo, nikawaita majirani nikawaambia nakuja kupiga mstari.

Hapo ndipo mahali pa kosa. Mpaka unakwenda umenyooka, lakini maji hayajui mpaka. Njia yake inazunguka mlima kama ng'ombe anayekula huku akitembea. Vigingi vyangu viliingia hatua tisa ndani ya shamba la Melkiori, vikarudi, vikavuka minyaa, vikaingia hatua tano kwetu. Mwanzo hadi mwisho vilipita kwenye mashamba ya watu saba. Nilieleza kwamba mtaro ni wa maji tu, na tuta juu yake tutalipanda matete yashike udongo. Niliposema tutapanda, nyuso zikabadilika. Kwetu kitu kilichopandwa kwa safu ni mpaka. Hakuna mtu aliyewahi kupanda kitu kwa safu ndefu kwa ajili ya kitu kingine.

Jumapili ikafika. Mimi nilibaki kanisani mpaka mwisho, kwa hiyo ninayowaeleza niliyajua baadaye. Mahubiri yalipoanza, Mzee Melkiori alitoka akashike mbuzi wake aliyefunguka. Akapanda shambani, akang'oa vigingi tisa, akavishusha hatua nne, ili kama ni mpaka basi usimle. Akarudi kwenye benchi kabla ya sadaka. Wakati wa matangazo, Konsolata akatoka kwenda kutazama sufuria ya maharage. Akaviona vigingi pale vilipo, hakujua kwamba vimeshahamishwa, akaona nafasi ya kuongeza shamba kidogo. Akavipandisha hatua nne.

Niliporudi nilikuta kila kigingi mahali pake. Lakini mimi kila kigingi nakichonga alama, na alama naielekeza chini. Nanyi fanyeni hivyo. Siku ile alama zilitazama kila upande, nyingine zilitazama mbinguni. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Melkiori alipokuja.

"Mtoto wa Nikodemu, vigingi vyako vimehamishwa," alisema.

"Vipo palepale, Mzee."

"Ndiyo maana nasema. Vimehamishwa."

"Umejuaje?"

Akatazama mlima wa ng'ambo. "Mtu anahisi," alisema.

Konsolata naye akapanda anahema. "Kaka, kuna mtu amegusa vigingi."

"Vipo palepale."

"Haviwezi kuwa palepale," alisema. Wakatazamana, yeye na Melkiori. Sijawahi kuona watu wawili wakielewana haraka vile, wala kukasirikiana kwa haki iliyolingana vile.

Shauri likapelekwa kwa Mzee Paskali, mshingantahe wetu, yaani mmoja wa wazee wanaoamua mashauri ya kilima. Alisikiliza wote, akauliza mbuzi alifungwa na kamba gani, akauliza maharage yaliiva au hayakuiva. Kisha akasema, "Kigingi hakiweki mpaka. Kigingi ni kuni. Mpaka unawekwa na pombe. Waliopo wakinywa pale pale shambani, wameshuhudia, na kilichopo mbele yao ndicho mpaka."

Nikafurahi. "Basi tutachimba bila pombe, Mzee, na hakutakuwa na mpaka."

Watu wakanitazama kwa huruma.

"Na nani atachimba?" Mzee Paskali aliuliza.

Alikuwa na haki. Mtaro ulikuwa mrefu kuliko mikono yetu sita. Ulihitaji ikibiri, ile kazi ya pamoja ambapo kilima kizima kinakuja na majembe kwa ajili ya mmoja, na ikibiri bila pombe haijawahi kuonekana. Mtu anakuja kulima kwa sababu atakunywa. Sasa: pombe ikiwepo, mtaro unakuwa mpaka mpya na Melkiori anapoteza hatua tisa, kwa hiyo anakataa. Pombe isipokuwepo, hakuna anayechimba. Tulizunguka hapo wiki nzima. Mmoja alishauri tukanywe kwanza kwenye kilima kingine halafu tuje. Tulipiga hesabu ya mwendo na ya hali ya wachimbaji wakifika, tukaliacha. Mwingine alisema tuchimbe leo tunywe mwakani, nao wakamcheka vibaya. Mawingu yakaanza kukaa upande wa Tanzania, na Konsolata akaanza kuuliza bei ya chumba Kobero.

Nilikwenda Gitega kwa Fundi Saidi. Nilimkuta anapiga randa mbao ya kitanda, nikamweleza yote.

"Mi sijakunywa pombe tangu nizaliwe," alisema, "na mpaka yangu iko salama kabisa. Watu thelathini? Tutawapikia chai."

"Hawatakubali, Fundi."

"Na mandazi. We uliwahi kuona mtu anakataa mandazi ya mke wangu?"

Alikuja siku ya tatu, juu ya lori la mbao linaloelekea Muyinga, na masufuria mawili ya harusi, sukari, tangawizi na kapu la mandazi. Kilima kizima kilikuwa kimekusanyika kwetu na majembe, lakini hayakushuka mabegani. Mzee Paskali alitaka kwanza kujua sheria ya chai.

"Fundi, hii chai yenu, imewahi kushuhudia nini?"

Fundi Saidi alikuwa anakoroga sukari na aliona ameulizwa sifa za chai. "Ah, kila kitu. Kwetu Nyamugari harusi zote iko inashuhudia yeye."

Melkiori akasimama. "Mmesikia. Inashuhudia."

Nilimvuta fundi koti. Akaelewa, akaacha kukoroga. "Bon, ngoja. Harusi, ndiyo. Shamba, hapana. Shamba kwetu iko na karatasi na muhuri. Chai ikishaona muhuri, inanyamaza."

Mzee Paskali akafikiri, kisha akaamua hivi, na mimi sijawahi kusikia uamuzi mwingine kama huo: chai inaweza kuozesha watu lakini haiwezi kugawa ardhi, ila isinywewe kwa mrija, kwa maana mrija ni mambo ya pombe na unaweza kuikumbusha chai yasiyo yake. Ikaonekana kwamba Melkiori alikuja na mrija mfukoni, kwa tahadhari. Ukachukuliwa, ukavunjwa mbele ya wote.

Tukachimba. Nisikilizeni hapa, maana haya ndiyo yanayobaki mkishacheka. Udongo unautupa juu, usiutupe chini, hata kama mgongo unakuambia chini ni rahisi. Kila hatua kumi unaacha kizibo cha udongo ambao haujachimbwa ndani ya mtaro, kifupi kidogo kuliko ukingo, mtaro ugawanyike vyumba, ili maji yakosee chumba kimoja tu yasikosee kilima kizima. Na matete mnapanda siku ileile, tuta likiwa bado bichi. Ukisema kesho, kesho mvua imekutangulia.

Saa sita hivi, mke wa Melkiori akatokea juu akiwa na mtungi kichwani. Mama wa watu alikuwa ameona aibu. Mgeni ametoka Gitega, anatoka jasho kwenye shamba lao, na nyumba yao haijampa kitu. Akautua mtungi kwenye ukingo wa mtaro, akatandaza mirija, akasema karibuni.

Majembe yote yakasimama. Tulikuwa tumemaliza nusu. Pombe ilikuwa shambani, kando ya mtaro, mbele ya mashahidi thelathini wenye kiu. Kuikataa ni kumtukana mama yule na kilima kingevunjika hapo. Kuinywa ni kuweka mpaka. Melkiori alimtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. "Irudishe," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Niirudishe wameshaiona?"

Nilianza kuhesabu moyoni vigingi tutakavyoviacha. Ndipo Konsolata akasema kutoka ndani ya mtaro, bila kunyoosha mgongo:

"Mama, pombe hii umemletea nani?"

"Mgeni."

"Mgeni ni nani?"

"Si huyu fundi."

"Basi ni ya fundi. Shamba halikuitwa."

Melkiori alikuwa mwepesi. "Fundi hanywi."

"Hanywi kwa mdomo wake," alisema Konsolata. "Ana watu wa kumsaidia."

Wote tukamgeukia Mzee Paskali. Niseme kweli, yeye ndiye aliyekuwa na kiu kuliko wote, na alikuwa karibu na mtungi kuliko wote. "Pombe ya mgeni inashuhudia mgeni," alisema. "Haina habari na ardhi."

Wakamkalisha Fundi Saidi kwenye kigoda na kikombe chake cha chai. Kila aliyetaka kunywa alimwinamia, akasema, "Fundi, nikusaidie?" naye akajibu, "Nisaidie." Watu thelathini, na wengine walirudi kumsaidia mara ya pili. Mtungi ulipokauka, Melkiori mwenyewe akamfuata amemshika bega.

"Fundi, umekunywa sana leo. Usipande lori, lala kwetu."

"Mi niko na akili yangu yote."

"Kila mlevi anasema hivyo," alisema Melkiori.

Alilala kwao. Nyamugari habari ilifika kabla yake, kwamba Saidi seremala amemaliza mtungi mzima Buhinyuza, na ilimchukua mwezi kumweleza imamu kwamba alikunywa bila kugusa.

Mvua ilikuja siku ya nne, mchana, kwa ule ukali wake. Sikuweza kukaa ndani. Nilisimama kwenye tuta na kuona maji mekundu yakishuka kutoka kwa Melkiori, yakaangukia mtaroni na kusimama. Chumba kimoja kikajaa, kikamwagia cha pili polepole, kikajaa. Halafu kizibo cha katikati kikaanza kutoa povu. Kabla sijafika, Melkiori alikuwa ameshashuka na jembe kutoka juu na Konsolata amepanda na lake kutoka chini, wanatupia udongo mahali pamoja bila kusemezana, matope mpaka kwenye nyusi. Kikashika. Mvua ilipokatika maji yalilala kwenye mtaro yamenyooka kutoka shamba la kwanza hadi la saba, na chini yake mbegu zetu za maharage zilikuwa zimebaki kwenye udongo wao.

Konsolata alinawa, akala, akalala. Siku nyingi zilipita hakutaja kwenda Kobero wala kubaki Buhinyuza, nami niliogopa kumwuliza. Mtu akiulizwa anaweza kukumbuka.

Matete yakachipua. Asubuhi moja nilisikia sauti kali juu ya shamba, nikapanda nikijua kesi imerudi.

"Tuta liko kwangu hapa, majani ni yangu," alikuwa anasema Melkiori.

"Liko kwako hatua tisa, kule liko kwetu hatua tano. Na yalipandwa kwa mikono ya nani?" alijibu Konsolata.

"Ng'ombe wangu hali mikono."

"Wako mmoja, na mimi nitakuwa na wangu. Mwaka huu kata wewe, sawa. Mwakani nakata mimi kwanza, na mwaka unaofuata ndipo tutaona."

"Mwaka unaofuata nitakuwa nimezeeka."

"Nitakuletea nyumbani."

Nilirudi chini polepole, nikichagua mahali pa kukanyaga, wasije wakaniona wakaacha kugombana.